Kayaki ya mbao nyumbani: mvule wa urithi, msonobari wa Shume au plaiwudi ya kushona?

Kasia_Tanga (Raskazone)

Wakuu, salaam. Mwaka huu nimeamua kujenga kayaki ya mbao kwa mikono yangu, ya mtu mmoja, urefu mita 5.2, upana sentimita 56. Nataka nitoke nayo Raskazone hadi Toten, na siku bahari ikitulia nifike Ulenge. Michoro ninayo. Nimekwama kwenye mbao na mahali pa kujengea, naomba tulinganishe kabla sijatoa hela.

Ubavuni mwa nyumba nina ujia wa mita 7 kwa 2.6. Juu kuna bati, upande mmoja ukuta, upande wa pili wazi na unapigwa na upepo wa bahari. Vifaa: randa mbili, msumeno wa mkono, msumeno wa umeme wa kushika mkononi, keekee, klempu nne. Mashine ya kupasulia ya meza sina.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni mbao nne za mvule alizoniachia marehemu baba, inchi 2 kwa 8, zimekaa darini zaidi ya miaka kumi, zimekauka kabisa. Ningezipasua fito nyembamba na kuzibandika ubavu kwa ubavu. Ya pili ni fito hizohizo lakini za msonobari au saipresi kutoka mashamba ya Shume kule Lushoto. Zinapatikana, ila zinauzwa mbichi na zina macho, yaani vifundo vya matawi. Ya tatu ni plaiwudi: unakata paneli, unatoboa kingo, unashona kwa waya wa shaba, unaziba kwa epoksi, gundi ya kuchanganya na kikaushio.

Moyo wangu uko kwenye mvule. Nipeni maoni ya kweli.

FundiRanda (Mombasa)

Kaka, hongera kwa nia. Mimi seremala, kayaki nimejenga mbili, zote za fito. Anza na uzito, maana ndio utakaoamua mengine yote.

Ganda la kayaki ya urefu huo, chini na juu pamoja, ni kama mita za mraba 5. Fito zikiwa na unene wa milimita 6, unatumia mita za ujazo 0.03 za mbao. Mvule mkavu una kama kilo 650 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbao peke yake ni kilo 19 na nusu. Mkangazi kama 540, unapata kilo 16. Msonobari na saipresi huwa kati ya 430 na 500, yaani kilo 13 hadi 15. Ongeza kitambaa cha fiba ya kioo ndani na nje, epoksi, kiti na vifuniko, kama kilo 8 hadi 10 nyingine. Ya mvule itakaribia kilo 30. Ya saipresi itakuwa 21 hadi 25. Tofauti hiyo utaibeba begani peke yako, kwenda na kurudi, kila ukitoka.

Kuna atakayekwambia upunguze fito za mvule ziwe milimita 4. Usikubali. Ufito kwenye kayaki hii haubebi mzigo wenyewe, umekaa katikati ya ngozi mbili za fiba kama nyama ndani ya sambusa. Ngozi zikiwa mbalimbali ganda hukakamaa. Zikikaribiana ganda hubonyea, hata mbao iwe ngumu vipi. Kwa kazi hii mbao nyepesi yenye unene inaishinda mbao nzito iliyopunguzwa.

Halafu mvule una mawe. Mafundi wenzangu wanajua: unapasua vizuri, ghafla bledi inalia na kutoa cheche. Ni chokaa iliyoganda ndani ya mti. Fito themanini za mvule zitakumalizia bledi. Na vumbi lake linawasha macho, pua na ngozi. Kuna mafundi wameacha kabisa kuushika.

MwanaMkuku (Lamu)

Shikamooni waliotangulia. Nitautetea mvule kidogo. Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo, na mbao aliyoiamini ilikuwa ngumu. Lakini chombo chake kilikaa majini mwaka mzima, kikipigwa na jua, kikikwama mchangani maji yakipwa, kikila msumari na kalafati. Uzito ulikisaidia kusimama chini ya tanga. Kayaki haina tanga na inalala nyumbani. Kwa hiyo mvule si mbao mbaya, ila hapa umeitiwa kazi isiyo yake. Usiuuze lakini. Utauhitaji kwenye omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, pale panapogonga mwamba.

Kuhusu kushona, watu wa pwani tusilione jambo geni. Mitepe, vyombo vya tanga vya kale vya Pate, Siyu na Faza, ilishonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, ikasafiri miaka mingi. Kuna tofauti moja ya kuizingatia: kwenye mtepe kamba ilibaki na ndiyo iliyoshika chombo. Kwenye plaiwudi waya wa shaba unashika kwa siku mbili tu hadi epoksi ikauke, kisha unakatwa. Baada ya hapo chombo chote kinaning'inia kwenye gundi na kwenye ubora wa plaiwudi yenyewe. Ukienda njia hiyo, uchunguze vitu hivyo viwili kuliko chochote.

ZiwaKuu (Mwanza)

Hapo pa ubora wa plaiwudi nina la kusema, na limenigharimu.

Kayaki yangu niliishona. Kwa kasi, njia hii haina mpinzani: paneli nilikata Jumamosi, Jumapili jioni tayari ilikuwa na umbo la chombo imesimama kwenye vigoda, watoto wanakuja kuichungulia. Karatasi nne za plaiwudi za milimita 4 zilitosha. Lakini nilinunua dukani plaiwudi iliyoitwa "marine", nikaamini jina. Miezi miwili ndani ya maji ya ziwa, chini ya kiti pakavimba kama lengelenge. Nikapasua: tabaka la juu lilitoka lote kwa mkono, gundi ya ndani imekuwa unga.

Huku kwetu jina hilo mara nyingi hupewa plaiwudi ya kumwagia zege, ile nyekundu au nyeusi inayong'aa. Haikutengenezwa kwa kujenga chombo. Plaiwudi ya chombo hasa huwa na alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya majini, na iliyo nyepesi hutengenezwa kwa okume, mti wa Gabon. Haina matundu ndani wala viraka.

Ukikosa alama, pima mwenyewe. Omba kipande cha kiganja, kichemshe saa nzima, kianike hadi kikauke, kisha jaribu kukipasua kwa patasi. Mbao ikichanika na gundi ikabaki, nunua. Tabaka zikiachana safi kama kurasa za daftari, ondoka. Angalia na ukingo wa karatasi kwenye mwanga: ukiona tundu jeusi kati ya tabaka, maji yatapita hapo.

Mswahili_Tacoma (Washington, Marekani)

Nimezaliwa Kilifi, niko huku miaka kumi na sita. Huku watu hutumia mwerezi mwekundu, kilo kama 370 kwa mita ya ujazo, mbao ndefu isiyo na jicho. Usihangaike kuagiza, nauli itakula kayaki nzima. Saipresi iliyochaguliwa vizuri inakaribia kabisa, na vumbi la mwerezi huu nalo limewapa watu pumu, kwa hiyo barakoa ni lazima kwa mbao yoyote.

Nakupa hesabu ya mbao, kwa sababu hapo ndipo wengi hununua pungufu. Fito za milimita 19 kwa 6 utahitaji kama 75 kuzunguka ganda. Nyingi hazifiki mwisho kwa kuwa chombo kinachongoka, kwa hiyo hesabu mita 350 za ufito. Tanzania mbao huuzwa futi 12, yaani mita 3.66. Ubao wa inchi 1 kwa 8 ukishapigwa randa ufike milimita 19, unapasua fito ubavuni. Bledi ya kawaida inakula milimita 3, kwa hiyo kila ufito unakugharimu 9 na ubao unatoa fito 22. Bledi nyembamba ya milimita 2 inatoa 25. Mbao tano zinatosha kwenye karatasi, lakini nunua nane: macho na mbao zilizopinda zitakula zilizobaki.

Urefu wa futi 12 usikutishe. Unaunga kwa mshazari: ncha mbili unazikata kwa mteremko zilaliane, urefu wa mteremko mara nane ya unene, yaani milimita 48 kwa ufito wa 6. Unga kabla ya kubandika, na tawanya viungo. Visikutane sehemu moja ya chombo.

Jambo moja dogo lenye faida: chagua mbao ambazo duara za mti zimelala sambamba na uso wa ubao. Ukizipasua ubavuni, ufito unatoka na nyuzi zilizosimama wima. Ukipiga msasa zinapungua sawasawa, hazifanyi mawimbi.

Kasia_Tanga

Nashukuru sana. Nimeanza kuelewa kwa nini fundi wa hapa alinishangaa nilipotaja mvule. Leo nimepita sokoni. Kuna msonobari wa rangi ya kijani, muuzaji anasema ndio imara zaidi kwa maji, hauliwi. Ni kweli? Na nitajuaje kama mbao imekauka vya kutosha? Wote wanasema "kavu hiyo".

FundiRanda

Kijani ni mbao ya dawa, na dawa yenyewe ina shaba, kromiamu na aseniki. Kwenye paa ni sawa. Wewe utaipasua na kuipiga msasa wiki kadhaa ndani ya ujia nyumbani, watoto wapo. Usiinunue kabisa. Epoksi na fiba ndizo zitakazoilinda mbao yako na maji.

Ukavu usiuulize kwa muuzaji, pima kwa mzani wa jikoni. Kata kipande katikati ya ubao, siyo mwishoni maana mwisho hukauka kwanza. Kipime. Kiweke kwenye oveni kama nyuzi 103, kitoe kila baada ya saa kadhaa ukipime tena, hadi uzito usishuke. Toa uzito mkavu kwenye ule wa mwanzo, kinachobaki gawanya kwa uzito mkavu. Pwani mbao ikitulia kivulini haishuki sana chini ya asilimia 13 au 14. Ikiwa chini ya 15 anza kazi.

Binti_Unguja (Mjini, Unguja)

Hodi. Wote mmezungumza mbao, mie nizungumze gundi na hewa, maana kazi yangu ni kutengeneza boti za fiba.

Kwanza, madukani utapewa resini ya poliesta kwa sababu ndiyo inayozoeleka na ni rahisi. Kwa boti ya fiba tupu ni sawa. Juu ya mbao haishiki vyema. Nimebandua ngozi nzima ya poliesta kwenye ngalawa ya mteja kwa vidole tu, imetoka kama ganda la ndizi, mbao chini imeoza. Tumia epoksi. Bora uchelewe miezi mitatu ukikusanya hela.

Pili, saa ya kupaka. Mbao ina hewa ndani. Ukipaka asubuhi, jua linapanda, mbao inapata joto, hewa inatanuka na kutoka: unapata mapovu madogo elfu moja ndani ya fiba yako. Paka saa kumi jioni, joto likianza kushuka. Mbao inapoa, inavuta epoksi ndani badala ya kuitema. Hilo peke yake litakupa kazi safi.

Tatu, changanya kidogokidogo na umimine kwenye sinia pana, usiiache kwenye kikopo. Kwa joto letu la nyuzi 30 kikopo kilichojaa kinachemka chenyewe na kutoa moshi. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye chupa. Kuzidisha kikaushio hakuharakishi, kunaharibu. Na vaa glavu kila mara. Ngozi ikishaikataa epoksi hairudi kuikubali, nina mwenzangu ameacha kazi kwa hilo.

Nne, msimu. Masika usijaribu. Unyevu unaacha utelezi kama nta juu ya epoksi iliyokauka, na ukipaka tabaka la pili juu yake halishiki. Hata kiangazi, osha kwa maji na sponji kabla ya msasa. Mie ningepanga fiba iwe Julai hadi Septemba, kuna ubaridi kidogo.

Ujia wako wa upande mmoja wazi ni mzuri kwa vumbi, mbaya kwa epoksi. Upepo wa bahari unaleta mchanga na chumvi. Shona pazia la turubai la kushusha siku za kupaka.

MwanaMkuku

Binti amenena. Kuhusu karakana niongeze la kunyooka. Mafundi wetu hujenga kwa jicho, na wewe jicho hilo bado huna, kwa hiyo mpe kazi uzi. Tengeneza boriti la msingi la mita 5, juu yake viunzi vya kuzungushia fito kila sentimita 30, vitakuwa kama 16 au 17. Kila kiunzi kichore mstari wa kati. Vuta uzi mwembamba kutoka omo hadi tezi, lala chini, funga jicho moja uangalie: mistari yote ijifiche nyuma ya uzi mmoja. Kiunzi kimoja kikitoka milimita 3, fito zitalifuata kosa hilo na kayaki itapinda upande mmoja maisha yake yote. Tumia siku tatu hapo.

Na michoro ya karatasi ipime tena kwa futi kabla ya kukata. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka.

FundiRanda

Kweli kabisa. Ujia wa 2.6 kwa kayaki ya sentimita 56 unakuachia mita moja kila upande, inatosha. Urefu wa 7 unatosha kujengea lakini hautoshi kupasulia: ufito wa futi 12 unahitaji mita 3.66 mbele ya bledi na 3.66 nyuma. Pasulia kwa fundi mwenye mashine, nenda naye mwenyewe ukapokee fito upande wa pili, na ukague unene kila ufito wa kumi. Usiache kazi hiyo kwa simu.

Klempu nne ni chache. Kata mabomba ya plastiki ya maji taka ya inchi 4 kuwa pete za sentimita 3, zipasue upande mmoja. Ni klempu tosha za kushikia fito kwenye viunzi, na utapata hamsini kwa bomba moja.

ZiwaKuu

Swali kwa wakubwa: kwa mtu ambaye hajawahi kujenga, bado mnasema fito? Mimi ningemshauri plaiwudi nzuri. Kuunga karatasi za plaiwudi zenyewe ni kazi tamu: unazipanga ngazi kwa ngazi, kila moja imerudi nyuma milimita 32, unapiga randa zote kwa pamoja, na mistari ya gundi inajitokeza kama mistari ya kanga. Mistari ikinyooka, mshazari umenyooka. Wiki sita yuko majini. Fito ni miezi sita au zaidi.

Mswahili_Tacoma

Kwa muda umeshinda, ZiwaKuu. Plaiwudi ya okume ya milimita 4 hata uzito inashinda, kama kilo 9 tu za mbao. Swali ni kama Tanga ataipata ya kweli. Akiipata, ashone. Asipoipata, fito za saipresi ni salama kuliko plaiwudi ya kubahatisha, kwa sababu ubao mzima unauona kwa macho. Plaiwudi inaficha.

Kasia_Tanga

Nimerudi na majibu baada ya wiki mbili.

Plaiwudi: nilipata vipande kutoka maduka matatu, nikavichemsha kwenye sufuria moja, kila kimoja nimekitoboa alama. Viwili vilifunguka hata kabla ya saa kuisha. Cha tatu kilibaki, lakini ukingo wake una matundu mawili ninayoweza kuingiza kijiti cha kiberiti. Ya okume sikuipata hapa, na ya kuagiza siwezi kwa sasa. Kwa hiyo nimeiacha.

Saipresi: nilipanda Lushoto mwenyewe. Nilichagua mbao kumi za inchi 1 kwa 8, nikizigeuza moja moja, nikaangalia mwisho wa kila ubao jinsi duara zilivyolala kama Tacoma alivyosema. Muuzaji alinivumilia. Nimehakikisha kibali cha kusafirisha na muhuri wa nyundo vipo kabla ya kupakia. Kipande cha kwanza kimepima gramu 212, baada ya oveni 171. Ni asilimia 24. Kwa hiyo ile "kavu hiyo" ilikuwa mbichi.

Zipo ujiani zimepangwa, vijiti kati ya kila ubao, ncha nimezipaka rangi zisipasuke, jua halizifikii. Wakati zinakauka najenga boriti na viunzi. Mvule wa mzee nimepasua ubao mmoja tu: omo, tezi, mdomo wa kiti, na ufito mmoja wa katikati chini utakaokaa pale mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ungekuwa. Fundi alikutana na jiwe moja, bledi ikalia kama mlivyosema.

Swali la mwisho kabla sijanyamaza: mbao ya chini kabisa kwenye mpangilio imeanza kupinda kidogo. Niitoe?

FundiRanda

Usiitoe. Iweke ya chini juu na ya juu chini, kisha panga matofali sita juu yake, yakae sawa na mistari ya vijiti. Rudia kila wiki mbili. Pima kipande kingine mwisho wa mwezi ujao utuletee gramu.